Mahari na Mkono Unaoipokea

Ndoa inapofungwa, mali huhama. Katika jamii nyingi zilizoandikiwa historia, mali hiyo imepita katika mojawapo ya njia tatu. Kuna inayotoka kwa mwanamume na ndugu zake kwenda kwa baba na ndugu wa binti, kama ng'ombe wa Wasukuma na Wakurya. Kuna inayotoka kwa wazazi wa binti na kufuatana naye hadi kwa mume, kama ilivyokuwa Ulaya kwa karne nyingi na kama ilivyo India hadi leo. Na kuna inayotoka kwa mume kwenda kwa mke mwenyewe, kama sheria ya Kiislamu inavyoagiza. Mabishano ya siku ya posa huwa juu ya kiasi: ng'ombe wangapi, milioni ngapi, awamu ngapi. Kiasi kina uzito wake, hasa kwa kijana asiye na kitu. Lakini kwa mwanamke anayeolewa, mambo mawili yamekuwa mazito zaidi katika historia yote, nayo hayazungumzwi sana mbele ya washenga: mali hiyo inatua mkononi mwa nani, na ndoa ikivunjika au mume akifa, nani anabaki nayo.

Ushahidi wa kale ulio wazi umo katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo. Sheria hizo zinatambua mali mbili kwa pamoja. Mposaji alipeleka fedha kwa baba wa binti, naye baba akampa bintiye mali ya kwenda nayo kwa mumewe. Mume aliyetaka kumwacha mke ambaye hakumzalia watoto alipaswa kumpa fedha sawa na aliyotoa wakati wa posa, tena amrudishie vyote alivyotoka navyo kwao. Kama hakukuwa na fedha ya posa, alilipa fedha yenye uzito wa mina moja, kipimo cha wakati huo. Mke akifa, mali aliyokuja nayo ilikuwa ya wanawe, na baba yake hakuruhusiwa kuidai. Mjane alibaki katika nyumba ya mumewe maisha yake yote, ingawa hakuweza kuiuza. Mwanamke wa Babeli hakuwa sawa na mwanamume hata kidogo. Sheria hizo hizo zilimruhusu mume kumfukuza bila senti mke aliyethibitika kuwa mharibifu wa nyumba, au kuoa mwingine na kumgeuza huyo wa kwanza kuwa mjakazi wake. Hata hivyo talaka ya bila sababu ilikuwa na gharama, na aliyebeba gharama hiyo ni mwanamume.

Ulaya ilipita njia nyingine. Chini ya sheria ya kawaida ya Uingereza, mwanamke aliyeolewa alipoteza nafsi yake ya kisheria: vitu vyake vinavyohamishika vilikuwa vya mume, ardhi yake ilisimamiwa na mume, na mshahara wake ulikuwa wa mume. Matajiri waliwawekea mabinti zao mali chini ya wadhamini ili wakwe wasiitafune, lakini binti wa fundi au wa mkulima hakuwa na kinga hiyo. Sheria ya mwaka 1870 ilimruhusu mke kushika mapato ya kazi yake, na ile ya 1882 ikamruhusu kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe. Ina maana kwamba maofisa wa Kiingereza waliofika Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuanza kuhukumu ndoa za Waafrika walitoka katika nchi iliyokuwa imempa mke haki ya kumiliki mali miaka michache tu nyuma.

India inaonyesha hatari ya njia hiyo ya pili kwa uchungu zaidi. Kwa desturi za kale za Kihindu, vito na nguo alizopewa binti na wazazi wake vilihesabiwa kuwa vyake. Katika karne ya 20 zawadi hiyo iligeuka kuwa dai la upande wa mume: fedha taslimu, pikipiki, gari, nyumba. Sheria ya 1961 ilipiga marufuku kudai mali ya namna hiyo. Mwaka 1983 ukatili dhidi ya mke uliingizwa katika sheria ya jinai, na mwaka 1986 likaongezwa kosa la kifo kinachotokana na madai ya mali ndani ya miaka 7 ya ndoa. Bado takwimu za serikali huonyesha zaidi ya vifo 6,000 vya aina hiyo kila mwaka. Marufuku peke yake haikugusa mzizi: binti alipewa mali siku ya arusi kwa sababu hakuwa na fungu la uhakika katika mali ya ukoo wa baba yake, na alichopewa kilishikwa na wakwe. Mwaka 2005 tu ndipo sheria ya mirathi ya Wahindu ilipowapa mabinti haki sawa na kaka zao katika mali ya pamoja ya familia.

Uislamu uligusa jambo la mkono moja kwa moja. Arabuni kabla ya Uislamu mara nyingi walii, yaani msimamizi wa binti, ndiye aliyechukua mahari. Aya ya 4 ya Surat An-Nisaa iliagiza wanawake wenyewe wapewe mahari yao, nao wakipenda kusamehe sehemu yake basi iwe kwa hiari yao. Kutokana na hapo wanasheria wa Kiislamu walijenga kanuni zenye nguvu. Mahari ni mali ya mke, wala baba, kaka au mume hana fungu ndani yake. Akiachwa kabla ya kuingiliwa, na mahari ilikwisha kutajwa, anastahili nusu. Mahari inaweza kugawanywa, sehemu ikatolewa mwanzoni na sehemu ikacheleweshwa hadi talaka au kifo. Ile iliyocheleweshwa ni deni: mume akifa, hulipwa kutoka katika mali yake kabla warithi hawajagawana chochote, na ndipo mjane achukue fungu lake la mirathi, robo kama marehemu hakuacha mtoto, thumni kama ameacha. Kwa hiyo mjane husimama mbele ya mirathi mara mbili, kama mdai na kama mrithi. Mali yake aliyokuwa nayo kabla ya ndoa haichanganywi na ya mumewe, na matunzo ya nyumba ni wajibu wa mume hata kama mke ana mali kumzidi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kanuni hizo ziliingia katika desturi zilizokuwapo. Pamoja na mahari ya bibi arusi kulikuwa na ada za wazazi: kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama, na ada nyingine ndogo ndogo kama kifungua mlango. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika habari za desturi za Waswahili zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza kwa undani jinsi ndoa zilivyofungwa katika maeneo ya Bagamoyo. Ada za wazazi zilitolewa papo hapo, maana bila hizo mambo hayakwenda mbele, ilhali mahari ya mke mara nyingi ilibaki deni. Hapo ndipo palipolegea. Deni lisiloandikwa wala kushuhudiwa lilimwacha mwanamke mikono mitupu siku ya talaka. Lililoandikwa lilimpa cha kupeleka kwa kadhi, na wanawake wa Mombasa, Lamu na Unguja walikwenda kwa kadhi wakidai mahari, matunzo na nyumba zao. Wengi walimiliki nyumba na mashamba kwa majina yao, na baadhi yao waliziweka wakfu.

Upande wa pili wa pwani hiyo ni utumwa. Suria, yaani mjakazi aliyewekwa na bwana wake, hakuwa na mahari, hakuwa na mkataba wa ndoa, wala hakuulizwa ridhaa. Mtoto aliyezaliwa naye na kukubaliwa na bwana alikuwa huru na alirithi sawa na ndugu zake. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alikuwa binti wa Sultani Said bin Sultan na suria kutoka Circassia, na baba yake alipofariki mwaka 1856 alipata urithi wake kama watoto wengine wa Sultani. Mama yake hakuwahi kuwa mke. Amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar haikuwahusu masuria kwa namna iliyowahusu watumwa wengine. Kwao mlango ulifunguliwa baadaye, kwa amri ya 1909. Kwa mwanamke aliyetoka utumwani, kuolewa kwa mahari iliyotajwa mbele ya mashahidi kulikuwa tangazo kwamba sasa ana jina, ana ridhaa na ana haki za kudai. Anayehukumu mahari kuwa ni kununua mtu angefaa kuikumbuka historia hii, kwa maana katika pwani hii aliyenunuliwa ndiye asiyelipiwa mahari.

Bara, kwa wafugaji na wakulima wenye ng'ombe, mali ilikwenda kwa baba na ndugu wa binti, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuamua mtoto ni wa nani. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma palikuwa na ndoa zilizolipiwa mahari na nyingine zisizolipiwa. Katika zile za kwanza watoto walikuwa wa ukoo wa baba. Katika zile za pili walibaki upande wa mama mpaka baba atoe malipo ya kuwakomboa. Kabla ya fedha na hata pale ng'ombe walipokuwa wachache, majembe ya chuma yalifanya kazi hiyo. Mahari pia ilikuwa ahadi ya koo mbili. Mume aliyempiga mkewe kupita kiasi alijua kwamba akimkimbiza atakwenda kukaa mbele ya wakwe, akatozwa faini kabla ya kumpata tena. Hiyo ilikuwa kinga ya kweli, na si haki kuifuta katika maelezo.

Lakini kinga hiyo ilikuwa ya ukoo, wala haikuwa ya mwanamke mwenyewe. Ng'ombe waliopokewa kwa ajili ya dada ndio waliotumika kumwolea kaka. Dada akirudi nyumbani akiwa na majeraha, mali iliyopaswa kurudishwa ilikuwa tayari imegeuka kuwa wifi na watoto. Hapo mtetezi wake wa kwanza aligeuka kuwa mtu mwenye sababu ya kumrudisha alikotoka. Katika mfumo mzima wa ng'ombe hakuna kilichomuumiza mwanamke kuliko sharti hili la kurudisha, na ndilo lililokuja kufikishwa mbele ya majaji karne moja baadaye.

Ushahidi kwamba nguvu ilikaa kwa mwenye ng'ombe unapatikana kwa Wakurya wa Mara, katika ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye mali, aliyekosa mtoto wa kiume au aliyefiwa, hulipa mahari ya ng'ombe kwa ajili ya binti, na watoto watakaozaliwa na binti huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba ya huyo mama. Mila haikuuliza kama aliyelipa ni mwanamume au mwanamke; iliuliza ng'ombe wametoka zizi gani. Binti anayeolewa hivyo, hata hivyo, hana mali zaidi ya aliyeolewa na mwanamume, na mara nyingine baba yake amepokea ng'ombe bila kumuuliza.

Kusini mambo yalikuwa tofauti. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ambao ukoo wao hupitia kwa mama, mposaji alilipa kidogo na kufanya kazi nyingi: alilima shamba la wakwe, alijenga, mara nyingi alihamia kijiji cha mke. Watoto walikuwa wa ukoo wa mama na mwenye kauli juu yao alikuwa mjomba. Mwanamke wa huko hakuwa nje ya mamlaka ya wanaume, kwa sababu mjomba naye ni mwanamume, lakini alikaa kwenye ardhi ya ukoo wake na alipoachana na mume hakuna zizi lililodaiwa.

Mfumo wa ng'ombe uliingia katika msukosuko miaka ya 1890, sotoka ilipoua mifugo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kisha ikaja kodi. Utawala wa Wajerumani ulianza kukusanya kodi ya nyumba mwaka 1898, na kijana akalazimika kutafuta fedha mashambani mwa walowezi, relini na bandarini. Fedha hiyo iliingia katika mahari. Ng'ombe alikuwa na sura, alizaa, alionekana na kila mtu, na aliweza kurudishwa na ndama wake. Noti ilitumika ikaisha. Kijana mwenye mshahara aliweza kuoa bila kusubiri ng'ombe wa baba yake, na baba wa binti naye aliweza kupandisha dau kila bei za mazao zilipopanda. Huko Gusii, magharibi mwa Kenya, mahari ilipanda sana katika miaka ya 1940. Vijana wasioweza kulipa walitoroka na wachumba wao, nao akina baba wakajaza mabaraza ya wenyeji kwa kesi za kudai mabinti zao. Mwanahistoria Brett Shadle ameandika kitabu kizima juu ya kesi hizo. Katika kumbukumbu za mabaraza, binti aliyekuwa kiini cha shauri mara nyingi alikuwa amekwisha kutoa jibu lake kwa miguu: alimkimbia mume aliyechaguliwa na baba, akaenda kwa aliyemtaka.

Watawala wa kikoloni walifanya jambo jingine lenye athari ndefu: waliandika mila. Tanganyika kazi hiyo ilifanywa zaidi na Hans Cory, aliyekusanya sheria za Wahaya na Wasukuma kwa kuwasikiliza wazee na viongozi wa jadi. Kilichokuwa mazungumzo yenye kupindika kulingana na watu na hali kikawa kifungu chenye namba. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilichukua msingi huo na kutangaza mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba kuwa sheria, zikiwemo kanuni za kurudisha mahari kwa kupima kosa la nani na watoto wangapi, pamoja na kanuni za mirathi zilizoweka mabinti katika daraja la mwisho la warithi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iligeuza mengi. Ilikusanya ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja. Ilisema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa. Ilimpa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, ikakataza mwenzi kumpiga mwenziwe, na ikaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa pamoja. Kwa wakati wake ilikuwa hatua ya ujasiri. Doa lake kubwa lilikuwa umri: mwanamume miaka 18, binti miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mzazi anayetoa ridhaa ndiye huyo huyo anayepokea mahari, na sheria haikuona mgongano huo. Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi mwaka 2016, iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019.

Nchi jirani zimechukua njia zao. Kenya, katika Sheria ya Ndoa ya 2014, iliamua kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, malipo madogo ya ishara yanatosha. Kongo ilikwenda kinyume: Sheria ya Familia ya 1987 ilifanya mahari kuwa sharti la ndoa, na sheria hiyo hiyo ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kufanya mambo mengi ya kisheria, mpaka marekebisho ya 2016 yalipoiondoa idhini hiyo. Uganda ndiko hoja ilikofikishwa mbali zaidi. Shirika la Mifumi kutoka Tororo lilifungua shauri mwaka 2007 likidai mahari yenyewe ni kinyume cha Katiba. Lilishindwa mwaka 2010. Agosti 2015 Mahakama ya Juu ilikataa kuipiga marufuku mahari, lakini ilitamka kwamba kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, kwa sababu kunamfunga mwanamke katika ndoa na kunapuuza mchango wake wote katika miaka aliyoishi humo. Kati ya maamuzi yote ya eneo hili, huo ndio uliolenga penyewe. Watu wa Tororo wanaendelea kuoa kwa ng'ombe kama kawaida; kilichokatwa ni kamba iliyowafunga dada na kaka katika deni moja.

Mchango huo wa mke ndio uliobishaniwa Tanzania katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi inayohesabika katika kuchuma mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mume alikuwa amempa fedha za mradi na mahakama ikaona hizo ndizo fungu lake, lakini kanuni aliyoiacha imewafaa wanawake waliomfuata.

Ardhi imekuwa ngumu zaidi. Holaria Pastory wa Buhaya alirithi kwa wosia shamba la ukoo kutoka kwa baba yake na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda mahakamani akidai kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema uuzaji ule ni halali, kwa sababu Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 haziruhusu mwanamke awe na haki pungufu kuliko mwanamume wa ukoo huo huo.

Uamuzi huo uliheshimiwa, lakini kanuni za mirathi za 1963 zilibaki vitabuni. Wajane wawili kutoka Usukuma, waliotolewa katika nyumba walizoishi na waume zao, walizipinga mahakamani bila mafanikio na hatimaye wakapeleka malalamiko kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo iliona Tanzania imevunja wajibu wake, ikaitaka iwafidie na ibadili kanuni hizo za kimila. Wote wawili walikuwa wameolewa. Kwa mila iliyoandikwa, mahari haikuwapa wajane fungu lolote katika mali ya marehemu. Mjane wa Babeli, kwa sheria ya mfalme wake, angalau hakutolewa ndani.